Baiskeli ya Tairi Moja na Kilo za Mheshimiwa

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Nyumbani kwangu Kilwa Masoko nina saa tatu za ukutani tayari, zote za kustaafu kwa watu wa ukoo wangu, na hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake. Zawadi yenye akili nilipewa na Rehema, binti aliyeshika kaunta yangu: daftari tupu la kurasa mia mbili. Akaniambia, "Bibi Somoe, tuandikie. Ukiondoka na hayo yaliyomo kichwani mwako sisi tutabaki na fomu tu." Nikamwambia fomu zenyewe ndizo zilizonitia mvi. Basi naandika, kwa Rehema na kwa wote mtakaopima mizigo kwenye kiwanja chetu kidogo cha ndege baada yangu.

Habari za vyeo msizitafute humu. Niliingia mpima mizigo, nikatoka mpima mizigo. Neno "mwandamizi" waliniongezea miaka ya mwisho, na lilikuja peke yake, halikuja hata na kiti kipya.

Kwa yule asiyezijua ndege zetu nianze hapo. Zina viti kumi na viwili, injini moja, na rubani anayeshuka mwenyewe kuhakikisha mlango wa mizigo umefungwa. Kwenye ndege kubwa hupimwa sanduku, mwenye sanduku akaachwa apite na mwili wake kama alivyo. Kwetu hupimwa vyote viwili, kwa sababu ndege ndogo haijui tofauti ya gunia la korosho na shemeji yako. Naandika kilo za kila mtu, naandika kilo za kila mzigo, najumlisha, nampelekea rubani karatasi. Jumla ikizidi, kuna kitu kinabaki chini. Kazi yenyewe ni hiyo tu, na imenigombanisha na nusu ya wilaya.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino kirefu, nikidhani uwanja wa ndege ni mahali pa kupendeza. Nilimkuta Mzee Nammanga, Mmwera mfupi, mkavu, aliyekuwa amepima korosho za wakulima ghalani miaka mingi kabla kampuni haijamchukua apime watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Panda."

"Nipande wapi?"

"Hapo kwenye mizani. Pamoja na pochi yako."

Nikapanda. Akasoma kilo zangu kwa sauti, mbele ya abiria tisa na wapagazi wawili. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Akangoja nishuke, kisha akaniambia bila hata kutabasamu, "Sasa umejua wanavyojisikia. Usije ukamsomea mtu kilo zake kwa sauti hata siku moja." Halafu akafungua droo, akatoa kanga kuukuu ya marehemu mkewe, ambayo maneno yake yalikuwa yameshafutika kwa kufuliwa, akaitandika tena juu ya uso wa mizani. Kumbe ilikaa hapo siku zote. Aliiondoa kwa ajili yangu tu.

Tangu hapo ndivyo tulivyopima. Abiria anapanda, mimi nainua upindo wa kanga, nachungulia, naandika, nafunika. Uzito wa mtu unabaki siri ya watu wawili, yeye na mpimaji. Wako wanawake wa Kivinje waliokataa kupimwa na daktari, lakini kwangu walipanda, kwa ajili ya kanga ile. Mkiibadilisha kwa kioo cha namba nyekundu zinazowaka, kama nilivyosikia makao makuu wanavyofikiria, jiandaeni kupima watu wanaolia.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Mizani yenyewe ya jukwaa la chuma. Jiwe la kilo ishirini la kuhakiki mizani kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kufika; usipolipandisha jiwe asubuhi, mchana kutwa unabahatisha. Chaki, kamba ya katani, lebo, kalamu nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kusahihishia. Na spana moja, ambayo nitaieleza baadaye, maana ilituletea balaa.

Watu wa mwambao huu ni wema sana mpaka uwaambie mzigo umezidi. Alikuwepo mfanyabiashara mmoja aliyevaa suruali tatu, mashati manne na koti la baridi, katika joto la mwezi wa pili, ili begi lake lionekane jepesi. Alipanda mizani akitiririka jasho, akifurahia ushindi. Nikamwambia, "Kaka yangu, mizani haiulizi kama ni nyama au ni nguo." Alizivua palepale, moja moja, akizitaja bei. Alikuwepo mama mwingine aliyebeba mtoto mgongoni, kafunikwa gubigubi, kimya kabisa. Mtoto wa mgongoni tunampima pamoja na mama yake, lakini huyu alikuwa anadondosha maji. Nikasema masikini, kajikojolea, tumbadilishe. Mama akarudi nyuma hatua tatu. Nikavuta nguo kidogo, ukaanguka mkono wenye vinyonyo. Alikuwa pweza, tena mkubwa, kafungwa mbeleko na kuvishwa kofia. Mzee Nammanga akamuuliza jina la mtoto, ili amwandike vizuri kwenye lebo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulipenda kulisema nilipokuwa kazini. Mzee Nammanga, mtu yule aliyehakiki mizani kwa jiwe kila siku, alinifundisha pia kwamba wakubwa hawapimwi. Mkubwa wa ofisi yoyote akifika, unamwamkia, unamwonyesha kiti, na kwenye karatasi unaandika sabini na tano. Awe mwembamba, awe mnene, sabini na tano. Aliyeanzisha desturi hiyo hajulikani, lakini ilishika kuliko kanuni yoyote iliyowahi kutumwa na makao makuu. Tuliziita kilo za heshima. Nilimuuliza mzee kwa nini sabini na tano na siyo themanini. Akanijibu kwamba themanini ingekuwa kumtukana.

Niliziandika miaka mingi. Mpaka siku moja walisafiri wakubwa wawili pamoja, wote wawili wenye miili ya kula vizuri, na wote wawili nikawaandika sabini na tano. Ndege ilikimbia kiwanja chote. Ikafika mwisho, ikanyanyuka kwa shida, magurudumu yakapita juu ya mikorosho tukasikia matawi. Matawi, nasema, yalivunjika, na majani yakaanguka. Ikaenda, ikafika salama, alhamdulillahi. Mzee Nammanga akatoka nje akayaangalia yale majani, akarudi, akaketi kwenye jukwaa la mizani mpaka adhuhuri. Mnadhani kesho yake tuliacha? Kesho yake alikuja mkubwa mwingine, tukamwandika sabini na tano. Mzee Nammanga alistaafu, akafariki, na mimi nikaendelea. Ndivyo nilivyokuwa, sioni sababu ya kujipamba.

Basi ikafika masika yangu ya mwisho kazini. Mvua zilisomba daraja kaskazini mwa Nangurukuru, mabasi ya Dar yakapanga foleni pale njiapanda, abiria wakala chipsi mayai siku mbili wakitazama maji. Asubuhi moja ikaja bodaboda kutoka Nangurukuru, nyuma yake amekaa binti amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa salfeti. Alikuwa mwembamba, amelowa, ana miaka kama ishirini na mitatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Dar. Shangazi yangu amenikatia tiketi kwa simu. Mwajuma, kutoka Nyangamara."

"Na huo mzigo?"

Akauvua mfuko. Lilitoka gurudumu moja, juu yake fimbo ya chuma, juu ya fimbo siti, na pedali mbili pembeni. Nikageuka kuangalia bodaboda kama imeacha kipande kingine.

Mwajuma alinieleza haraka, maji yakimtiririka usoni. Alikuwa mchezaji wa sarakasi. Kikundi chao cha Lindi kilicheza kwenye harusi na mikutano, na yeye alijifunza kuendesha tairi moja huku akirusha vikombe vitano hewani. Kundi kubwa la Dar lilikuwa likitafuta watu wanne wa mkataba wa miaka miwili. Usaili ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Basi lake limekwama Nangurukuru. Ndege nyingine baada ya ile ya kwetu ilikuwa keshokutwa.

"Si watakuwa na baiskeli zao huko?" nikamuuliza.

"Kila mtu aje na chombo chake, ndivyo walivyosema. Mama, mimi bila hii ni mtu wa kawaida tu."

Nikaipandisha mizani: kilo saba na nusu. Nikaiandika, nikamwambia amepita. Hapo ndipo alipotokea Bwana Mpili.

Bwana Mpili, msimamizi wa kituo, ni mtu mwema na rafiki yangu, na atasoma haya. Anaogopa kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni barua kutoka makao makuu. Aliizunguka ile baiskeli mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Baiskeli, bosi. Ya tairi moja."

"Tairi la pili liko wapi?"

"Halipo."

"Limepotea?"

"Halikuwepo tangu mwanzo, bosi. Inaendeshwa hivihivi."

Bwana Mpili akanivuta pembeni, akapunguza sauti. "Bi Somoe, huoni mtego huu? Atafika Dar atasema tumempotezea nusu ya baiskeli. Barua itakuja kwa nani? Kwangu."

"Kwani huamini kama inaendeshwa?"

"Athibitishe."

Mwajuma hakungoja aambiwe mara mbili. Akaweka siti chini yake, akashika kaunta kwa kidole kimoja, akapanda, akaachia. Alizunguka ukumbi wetu mdogo wa kusubiria, akapita kati ya mabegi na miguu ya watu, mikono imenyooka, mgongo umesimama, kisha akarudi kinyumenyume mpaka mbele ya Bwana Mpili akabaki amesimama palepale, akienda mbele kidogo na nyuma kidogo. Mzee mmoja abiria akasema, "Subhanallah." Mimi nilipiga makofi peke yangu, mpimaji mwandamizi, nikiwa na kalamu mdomoni. Miaka yote niliyopima vitu pale, sikuwahi kuona mzigo uliotufurahisha namna ile.

Bwana Mpili akaenda kuleta Fomu ya Mizigo Isiyo ya Kawaida. Ndani yake mna visanduku: wanyama hai, samani, baiskeli, na vinginevyo. Nikasema tia "vinginevyo" tumalize. Akasema "vinginevyo" inahitaji kibali cha ofisa wa makao makuu, na ofisa huyo yuko kwenye semina ya kuharakisha huduma. Kwa hiyo ilibidi iwe baiskeli, na baiskeli ina maswali yake. Je, usukani umegeuzwa ukalala sambamba na gurudumu la mbele? Bwana Mpili akaandika: usukani haupo, gurudumu la mbele halipo, kwa hiyo haukugeuzwa. Je, magurudumu yote mawili yamepunguzwa upepo? Akaandika: ndiyo, lililopo. Je, pedali zimetolewa? Hapo uso wake ukang'aa. Hatimaye alikuwa amepata jambo linalotekelezeka.

"Bosi, tafadhali ziache," Mwajuma akasema. "Nitazizungushia gazeti."

"Fomu inasema zitolewe."

Akachukua ile spana. Pedali ya kulia ikatoka vizuri. Ya kushoto aliivuta dakika kumi, shati likalowa mgongoni, akatuambia ni kutu.

"Bosi, ya kushoto inafunguka kinyume."

"Kinyume na nini?"

"Na hivyo unavyofanya."

Likumbukeni hilo, litawafaa: pedali ya kushoto ya baiskeli yoyote hufunguliwa kwa kuzungusha upande uleule unaokaza ya kulia. Alipozungusha kinyume ikatoka. Akanikabidhi zote mbili, akasema, "Bi Somoe, zitie kwenye bahasha, uziandikie namba ya mzigo." Sikuwa na bahasha mkononi. Nikazitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi, nikasema nitaitafuta sasa hivi.

Kisha akamwandikisha Mwajuma tamko, ambalo nakala yake bado iko kwenye faili: "Mimi Mwajuma, nikiwa na akili timamu, nakiri kwamba gurudumu la pili la baiskeli yangu halijawahi kuwepo." Akaligonga muhuri mara mbili, kwa sababu lilikuwa jambo zito.

Tulipomaliza ndipo likafika gari la Mheshimiwa. Ofisi yake siitaji. Amestaafu kama mimi, tunasalimiana sokoni, na mtasoma mbele kwa nini namheshimu kweli sasa, siyo kwa karatasi. Alikuwa anakwenda Dar kwenye posa ya binti yake, na alikuwa amewachukulia wakwe zake masanduku mawili ya barafu yaliyojaa kamba na pweza. Nikapima masanduku. Nikamwamkia. Nikamwonyesha kiti. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaandika sabini na tano.

Akaingia rubani, Kapteni Neema, viatu vimejaa tope. "Mama, kiwanja kimelowa sana. Nimepunguza uzito wa kuruka. Na leo naomba kilo za kweli, siyo zile za heshima." Kumbe marubani walijua miaka yote. Nikajumlisha; hata kwa kilo za heshima, tulizidi kilo tano.

"Basi," Bwana Mpili akasema, na akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, "ile nusu baiskeli itangoja ndege ya keshokutwa. Ni kilo saba na nusu. Tunabaki na ziada."

Mwajuma hakupiga kelele. Alikaa chini, palepale sakafuni, akaiweka ile baiskeli mapajani. "Keshokutwa watakuwa wameshachukua watu wao," akasema. "Mama, si umesema nimepita?"

Nilikuwa nimesema. Nikaitazama karatasi. Kwenye karatasi, baiskeli ikibaki, ndege ingekuwa nyepesi. Angani ingekuwa na Mheshimiwa mzima. Nikayakumbuka yale majani ya mikorosho, na Mzee Nammanga kakaa kwenye mizani. Hasira ikanipanda, na nawaambieni kweli, nusu yake ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata ile sabini na tano.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba upande mizani."

Bwana Mpili akaanza kusoma tangazo la ukutani kuhusu malaria.

"Mama, unanijua mimi?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Ndiyo maana nakuomba kwa adabu."

"Niandike kama siku zote."

"Siku zote nilikuwa naandika uongo. Leo kiwanja kimelowa."

"Uliwahi kumpima mtu wa nafasi yangu?"

"Sijawahi. Ndilo kosa langu."

Alimtazama Bwana Mpili, ambaye sasa alikuwa amefika kwenye dalili za malaria kali. Alimtazama Kapteni Neema. Kapteni Neema alivuta kiti, akafungua soda, akasema hana haraka, karatasi ikikamilika wamwite. Abiria wengine wakaanza kuangalia saa zao. Mheshimiwa akasogea karibu na mimi, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama jirani. "Mbele ya watu wote hawa, mama?"

"Kuna kanga," nikamwambia. "Ataona mpimaji tu. Sijawahi kumtaja mtu."

Akapanda. Nikainua upindo, nikachungulia, nikaandika, nikafunika. Namba ile sikumwambia Bwana Mpili, sikumwambia hata mtu wa nyumbani kwangu, na humu pia hamtaipata. Itoshe kusema kwamba masanduku yote mawili ya kamba na pweza yalibaki Kilwa, na baiskeli ya tairi moja ikapanda. Mheshimiwa alitia saini. Mwajuma alinishika mikono miwili, akakimbilia ndegeni. Ndege ikakimbia tope, ikanyanyuka mapema, ikaiacha mikorosho mbali chini yake.

Nawaambia nilijisikia mtu mkubwa. Wapagazi walinipa mkono. Mama lishe wetu aliniletea chai ya tangawizi na vitumbua vitatu ambavyo sikuviagiza. Hata Bwana Mpili, baada ya kumaliza lile tangazo, aliniambia ningekuwa mwanamume ningefika mbali, na sikumpasulia kikombe kwa sababu nilikuwa na furaha. Nikavuta kiti nikakaa nifaidi ushindi wangu. Kitu kikanichoma pajani.

Nilijua kabla sijatia mkono mfukoni. Pedali mbili, zina mafuta, zina joto la mwili wangu.

Vitumbua sikuvila. Nilipiga simu ya Mwajuma mara kumi na saba, haikupatikana. Nilipiga kaunta ya Dar, wakaniambia abiria wameshatawanyika. Barabara imekatika, ndege keshokutwa, usaili kesho saa tatu. Nilimtetea binti wa watu dhidi ya wilaya nzima, kisha nikampeleka Dar na tairi lisiloweza kuzunguka. Nililia, tena kwa sauti, na Bwana Mpili akanipa leso yake, akaniuliza taratibu kama kuna fomu ya kitu kama hicho. Haikuwepo.

Alasiri simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mama, ni mimi Mwajuma. Simu yangu iliingia maji."

"Mwanangu, nisamehe. Pedali ninazo mimi. Nisamehe."

"Usilie, Mama. Nimeshapata nyingine." Akanisimulia. Alipopokea baiskeli yake na kuona matundu mawili matupu, alikaa tena sakafuni, safari hii akalia kweli. Mtu mmoja akasimama mbele yake akamuuliza kuna nini. Alikuwa Mheshimiwa, akingoja gari la kumchukua. Alimpakia na baiskeli yake, wakazunguka kwa mafundi wa baiskeli wa Kariakoo, mvua inanyesha, posa inamngoja, mpaka wakapata fundi aliyechomoa pedali za guta bovu, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Moja nyekundu, moja nyeusi. Mheshimiwa mwenyewe alishikilia gurudumu wakati fundi anakaza. "Hii simu ni yake, Mama. Anasema kuna ujumbe wako."

"Nipe."

"Anasema: mwambie mama yule, mimi nilizidi kilo, lakini sikusahau pedali."

Mpaka leo tukikutana sokoni ananinyooshea vidole viwili, kimoja kwa kila pedali, na mimi nainamisha kichwa. Kesho yake saa sita ulikuja ujumbe mfupi: "Nimepita Mama. Wa nne kati ya wanne." Nilimwuliza nizitume vipi pedali zake. Akajibu nibaki nazo, amezizoea za guta.

Sasa nimalizie siku yangu ya mwisho, iliyokuwa miezi michache baadaye. Kabla ya hotuba na ile saa ya ukutani, nilifungua daftari la safari nikatafuta ukurasa wa siku ile. Kilo za Mheshimiwa zilikuwa sahihi. Za kila abiria zilikuwa sahihi. Mstari mmoja tu ulikuwa wa uongo: baiskeli ya tairi moja, kilo saba na nusu. Haikusafiri na kilo saba na nusu. Asubuhi hiyo ya kuagwa nilikuwa nimezipitisha pedali kwenye mizani ya duka la jirani, gramu mia saba, nikazirudisha mfukoni mwa koti langu la kazi. Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika kilo sita na gramu mia nane, nikatia saini. Bwana Mpili akasema safari ile imeshafungwa, na marekebisho yana fomu yake. Nikamwambia barua ya makao makuu ikija, anipelekee nyumbani.

Kisha nikafungua kurasa za nyuma. Sabini na tano. Sabini na tano. Sabini na tano, miaka na miaka, kwa mwandiko wa Mzee Nammanga, halafu kwa mwandiko wangu. Hizo sikuweza kuzisahihisha, maana ukweli wake wakubwa waliondoka nao wenyewe. Nikafunga daftari, nikamwita Rehema akae kwenye kiti cha mpimaji. Nikaiondoa kanga juu ya mizani, nikampa aishike. Abiria walikuwa wamejaa ukumbini, na Mheshimiwa alikuwa miongoni mwao, kaja kuniaga. Nikapanda.

"Nisome kimoyomoyo, Bibi?" Rehema akauliza.

"Soma kwa sauti, mwanangu."

Akasoma. "Kilo themanini na sita."

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia. "Pamoja na pedali."